Charles Kettering, mhandisi aliyeiondoa hendeli mkononi mwa dereva

Gari la zamani lililolala bandani miezi mitatu lina ukimya wake. Mwenye gari huketi, hukanyaga klachi, huzungusha ufunguo, na badala ya mngurumo husikia mlio mmoja mdogo kama kidoko, kisha basi. Injini haikuzunguka hata nusu mzunguko. Wapo wanaorudia mara kumi, kila mara wakiukaza ufunguo kana kwamba nguvu ya vidole itasaidia. Wapo wanaomwita fundi, na fundi naye, kabla hajauliza lolote, hutangaza kwamba stata imekufa na inunuliwe nyingine. Mara nyingi stata haijafa. Inanunuliwa mpya, inafungwa, ufunguo unazungushwa, na kile kidoko kinarudi vilevile.

Ili kuelewa kwa nini hali iko hivyo, yafaa kumjua mtu aliyeiweka mota hiyo ndogo ubavuni mwa injini ya gari. Naye ni Charles Franklin Kettering, mhandisi wa Marekani aliyefariki dunia tarehe 25 Novemba 1958 akiwa na umri wa miaka 82. Jina lake leo hubebwa na mji mmoja katika jimbo la Ohio, na chuo kikuu kimoja huko Michigan, na nusu ya jina la taasisi mashuhuri ya utafiti wa saratani mjini New York. Lakini wengi wanaotumia kazi yake kila asubuhi hawajapata kulisikia.

Mwanzoni mwa karne ya 20, gari la petroli halikuweza kujiamsha. Injini ya petroli haina nguvu yoyote mpaka iwe tayari inazunguka: ni lazima pistoni ivute hewa na petroli, ivibane, ndipo cheche ipige. Mzunguko ule wa kwanza ulitoka begani mwa binadamu. Dereva alisimama mbele ya gari, akachomeka hendeli, yaani mkono wa chuma uliopindwa, kwenye ncha ya mhimili wa injini, akauvuta juu kwa nguvu. Kabla ya hapo alipaswa kukumbuka kuichelewesha cheche kwa kijiti kilichokuwa karibu na usukani. Akisahau, cheche iliwahi, injini ikarudi kinyume, na hendeli ikageuka rungu. Mikono ilivunjika kwa wingi kiasi kwamba madaktari wa mifupa waliupa mmoja wa mivunjiko ya kifundo cha mkono jina la madereva, na jina hilo bado wanalitumia. Wazoefu waliwafundisha wageni kukiweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, ili hendeli ikirudi iteleze kiganjani badala ya kukivunja.

Kwa sababu hiyo magari ya umeme yalikuwa na soko zuri mijini wakati ule, hasa kwa wanawake na wazee. Yalikwenda polepole na hayakufika mbali, lakini yaliwaka kwa kubonyeza swichi. Mwenye kutaka gari la petroli alihitaji ama misuli yake mwenyewe ama dereva wa kumwajiri.

Kettering alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876 katika shamba karibu na Loudonville, Ohio. Alikuwa na macho mabovu tangu utotoni, na macho hayo yaliyapinda maisha yake mara kadhaa. Alifundisha shule za vijijini, akasoma kwa muda katika chuo cha Wooster, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kusomea uhandisi wa umeme. Macho yalimshinda, akaacha. Akaenda kufanya kazi na kikosi cha kusimika nguzo za simu, akichimba mashimo na kuvuta nyaya, na baadaye akawa msimamizi wa kikosi hicho. Baada ya miaka miwili hivi akarudi chuoni, wenzake wakimsomea vitabu kwa sauti usiku, na mwaka 1904 akahitimu akiwa na umri unaokaribia miaka 28. Mwaka uliofuata alimwoa Olive Williams, na walipata mtoto mmoja, Eugene.

Nadhani miaka ile ya nguzo za simu ilimfaa kuliko miaka ya darasani. Anayetafuta kasoro katika laini ya simu ya maili nyingi hawezi kubahatisha, wala hawezi kubadilisha waya wote. Hana budi kuikata njia vipande viwili, apime upande huu, apime upande ule, na kuendelea hivyo mpaka kasoro ikose pa kujificha. Tabia hiyo haikumtoka Kettering maisha yake yote, isipokuwa mara mbili ambazo tutaziona.

Alipohitimu aliajiriwa na kampuni ya National Cash Register ya mjini Dayton, watengenezaji wa mashine za kuhesabia fedha dukani. Mashine hizo zilizungushwa kwa mkono. Kettering akapewa kazi ya kuzitia umeme. Mota iliyohitajika ilipaswa kuenea ndani ya kasha dogo juu ya kaunta, na wakati huohuo iwe na nguvu ya kuzungusha magurudumu ya namba na kuifungua droo kwa kishindo. Kanuni za vitabu zilionyesha kwamba mota ya ukubwa ule ingeungua. Kettering akaona kwamba kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya mota inayozunguka kutwa nzima kiwandani. Mota ya mashine ya dukani hufanya kazi kwa nukta moja tu, kisha hupumzika mpaka mteja mwingine aje. Mota ya namna hiyo inaweza kubebeshwa mzigo mara nyingi zaidi ya kipimo chake, maana haipati muda wa kuungua. Hapo pana siri yote ya stata ya gari, ingawa mwenyewe hakuwa bado anawaza magari.

Katika kampuni hiyo alikutana na Edward Deeds, meneja aliyekuwa na nyumba kubwa yenye banda uani. Jioni na siku za mapumziko, Kettering na wenzake kadhaa walikusanyika katika banda hilo kufanya kazi ambayo haikuwa ya mwajiri wao. Kwanza waliunda mfumo mpya wa kutoa cheche, unaotumia betri, koili na platini za kukata umeme, ambao mafundi wa magari ya zamani wanaujua hadi leo. Henry Leland, mkuu wa kampuni ya Cadillac mjini Detroit, akaagiza seti maelfu kwa ajili ya magari yake ya mwaka 1910. Deeds na Kettering hawakuwa na kiwanda. Mwaka 1909 wakaunda kampuni, wakaiita Dayton Engineering Laboratories, na herufi za jina hilo zikazaa neno Delco, ambalo bado husomeka juu ya betri na vipuri vingi.

Leland alikuwa mtu wa vipimo. Alizaliwa mwaka 1843, akajifunza kazi katika viwanda vya bunduki, ambako tofauti ya unene wa unywele ni kosa. Simulizi maarufu inasema aliingiwa na chuki dhidi ya hendeli baada ya rafiki yake Byron Carter, mtengenezaji wa magari, kusimama darajani mjini Detroit kumsaidia mwanamke ambaye gari lake lilizimika. Hendeli ilirudi, ikamvunja taya, na Carter akafa kwa madhara yake. Simulizi hiyo hurudiwa kila mahali, na mara nyingi tukio huwekwa katika majira ya baridi ya mwaka 1910. Tatizo ni kwamba Carter alifariki mwezi Aprili 1908. Huenda kisa kilitiwa chumvi na wasimuliaji, kama visa vizuri vinavyotiwa. Lililo hakika ni kwamba Leland alitaka kifaa cha kuwasha gari bila hendeli, na akampelekea Kettering ombi hilo.

Wengine walikwisha kujaribu. Palikuwa na stata za hewa iliyobanwa, za springi na za gesi ya asetilini. Wahandisi wa umeme nao walikwisha kupiga hesabu na kutoa hukumu: mota yenye nguvu ya kuzungusha injini ya gari ingekuwa na ukubwa karibu sawa na injini yenyewe, na betri yake ingehitaji gari jingine la kuibeba. Hesabu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika swali. Walikuwa wameuliza mota gani inaweza kuizungusha injini, bila kuuliza kwa muda gani. Kettering, aliyetoka kwenye droo za madukani, alijua jibu: kwa sekunde chache. Akachukua mota ndogo, akaipatia umeme mwingi kwa muda mfupi, akaiunganisha na gurudumu zito la injini kwa jino dogo linalozungusha pete kubwa, ili nguvu iongezeke na mwendo upungue. Injini ikishawaka, mota ileile iligeuka kuwa jenereta, ikairudishia betri umeme iliokopa. Katika mpango wa kwanza, betri ilitoa volti 24 wakati wa kuwasha na volti 6 kwa kazi nyingine.

Gari la kwanza la majaribio lilikamilika mapema mwaka 1911, na Cadillac zote za mwaka 1912 zikatoka kiwandani na stata, taa za umeme na mfumo wa cheche vikiwa kitu kimoja. Klabu ya Kifalme ya Magari ya Uingereza ikaitunukia Cadillac kombe la Dewar kwa kazi hiyo. Ford wa Model T aliendelea na hendeli hadi mwaka 1919, ndipo akaruhusu stata kwa mwenye kulipia zaidi. Gari la umeme likaporomoka sokoni, maana faida yake kubwa ilikuwa imechukuliwa.

Turudi sasa kwenye lile gari lililo kimya bandani, liwe Peugeot 504, Land Rover, Volkswagen au Datsun. Kwa mpango wake, mota iliyo chini ya injini hiyo ni ileile ya Kettering: ndogo, ya kazi fupi, yenye njaa kubwa ya umeme. Taa ya mbele ya gari la volti 12 hula ampea 5 hivi. Stata ya injini ya wastani hula ampea 150, na mwanzoni kabisa hula zaidi. Tofauti hii ndiyo inayowapoteza wengi. Tuseme kichwa cha betri kimeota ukungu mweupe wa kutu, na ukungu huo unaleta ukinzani mdogo, nusu ya sehemu ya kumi ya omu moja. Kwa ampea 5 za taa, ukinzani huo unakula robo ya volti tu, na taa inang'aa vizuri. Kwa ampea 150 za stata, ukinzani uleule unakula volti 7 na nusu, na stata inabakiziwa volti 4 na nusu. Dereva anaona taa zinawaka, anahitimisha kwamba betri ni nzima na stata ni mbovu. Yote mawili yaweza kuwa kinyume.

Kwa hiyo taa zitumike, lakini kwa akili. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, washa taa za mbele na mtu mmoja azitazame wakati ufunguo unazungushwa. Zisipowaka kabisa, tafuta kwenye betri na vichwa vyake. Zikiwaka kisha zikafifia hadi kuwa kama makaa, umeme unaombwa lakini hautoshi: betri imechoka, au kiungo ni kibovu, au stata imekwama na inakula bila kuzunguka. Zikibaki na mwanga uleule huku stata ikiwa kimya, basi ombi halijafika. Hapo kosa liko kwenye swichi ya ufunguo, kwenye waya mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi, au kwenye solenoidi yenyewe, ambayo ni ile swichi nene ya sumaku inayofungulia stata umeme mkubwa. Katika gari la gia za kujibadilisha, iangalie pia ile swichi inayozuia gari lisiwake likiwa kwenye gia.

Mlio nao husema. Kidoko kimoja kizito maana yake solenoidi imevuta lakini mota haikuzunguka. Vidoko vingi vya harakaharaka, kama mbegu kwenye kibuyu, mara nyingi ni betri dhaifu: solenoidi inavuta, volti zinaporomoka, inaachia, volti zinarudi, inavuta tena. Stata ikivuma peke yake bila injini kuzunguka, umeme upo, na lawama iende kwenye jino dogo lisiloingia kwenye pete.

Mwenye mita ya umeme anaweza kuacha kukisia. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma karibu 12.6. Wakati stata inavutwa isishuke chini ya 9.6 au 10 hivi. Ikishuka, betri ijazwe au ipimwe. Isiposhuka na stata bado inasuasua, umeme unapotea njiani, na hapa ndipo mtu wa nguzo za simu angeikata njia vipande. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri, nyingine kwenye skrubu nene ya stata, na mwenzako avute ufunguo. Kebo nzuri itaonyesha chini ya nusu volti. Rudia upande wa pili, kutoka nguzo hasi hadi kwenye mwili wa stata. Upande utakaosoma volti mbili au tatu ndio wenye mgonjwa.

Upande wa pili, yaani ethi, ndio unaosahauliwa zaidi, hasa katika magari yaliyotengenezwa upya kwa mapenzi. Injini hukaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo kuna mkanda wa shaba unaoiunganisha injini na bodi. Fundi wa rangi hupaka rangi nzuri kila mahali, na pale mkanda unapofungwa pia, kisha mwenye gari anashangaa kwamba gari lililowaka likiwa na kutu sasa halitaki kuwaka likiwa linang'aa. Umeme wa stata ukikosa mkanda hutafuta njia nyingine, na njia hiyo yaweza kuwa waya wa choki au wa mafuta. Ukiugusa waya huo baada ya kujaribu kuwasha gari na ukaukuta wa moto, umepata jibu. Mswaki wa waya na dakika kumi hutosha.

Magari ya zamani sana ya volti 6 yana taabu yao. Kwa kazi ileile, volti zikiwa nusu, ampea huwa maradufu, na kwa hiyo kebo zake zilikuwa nene kama kidole. Aliyebadilisha kebo hizo kwa kebo za kawaida za dukani ameinyima stata chakula. Baadhi ya magari ya Uingereza ya zama hizo yalifunga upande chanya kwenye bodi badala ya hasi, na anayekimbilia kuyaunganisha na betri ya gari jingine bila kutazama huishia kuunguza vitu.

Ikiwa umeme wote umefika na stata haisogei, ulizwe upande wa injini. Jino linaweza kuwa limekwama kwenye pete. Gari likiwekwa gia ya juu, ufunguo ukiwa umezimwa, na kusukumwa mbele na nyuma kidogo, jino huachia, na baadhi ya stata za Lucas zina ncha ya mraba nyuma ya kuzungushia kwa spana kwa sababu hiyohiyo. Kisha zitolewe plagi na injini izungushwe kwa mkono kwa spana kwenye boliti ya mbele. Ikikataa kabisa, pistoni zimeshika kutu au kuna maji juu yake, na stata yoyote mpya itavunjika meno bure. Na jambo ambalo Kettering alilijua kabla ya wote: stata haikuumbwa kuzunguka muda mrefu. Sekunde kumi, kisha iachwe ipoe dakika moja au mbili. Aishikiliaye nusu dakika anaigeuza kuwa ile mota ambayo wahandisi walisema itaungua, na wahandisi watakuwa sahihi.

Kettering mwenyewe alipata kushutumiwa kwa kosa lisilo lake. Baada ya mfumo wake kuenea, injini nyingi zilianza kugonga zinapopanda mlima, na washindani walidai kwamba cheche ya betri ndiyo iliyozigongesha. Mwaka 1916 alimpa kijana mmoja, Thomas Midgley, kazi ya kuchunguza. Midgley alipima mwendo wa shinikizo ndani ya silinda na kuonyesha kwamba mgongo ulitokea baada ya cheche, katika petroli yenyewe iliyolipuka vibaya. Mfumo wa cheche ukaondolewa lawama. Kazi ya kutafuta dawa ya petroli ikaendelea. Wakati huo Delco ilikuwa imekwisha kuuzwa, na baadaye ikamezwa na General Motors. Kettering akawa mkuu wa utafiti wa kampuni hiyo kubwa kuanzia mwaka 1920 hadi alipostaafu mwaka 1947.

Hapa ndipo zilipo zile mara mbili. Ya kwanza ilimwaibisha yeye na kampuni tu. Aliamini kwamba injini inaweza kupozwa kwa hewa, kwa mapezi ya shaba, bila maji wala rejeta. Wahandisi wa Chevrolet waliona matatizo, yeye akaona ukaidi. Mwaka 1923 yalitengenezwa magari 759 ya aina hiyo, na yaliyofika mikononi mwa wateja ni takriban 100. Yalipata joto, yakapoteza nguvu, yakaitwa yarudi. Kettering alitaka kujiuzulu. Alfred Sloan, mkuu wa kampuni, akambakiza.

Ya pili iliugusa ulimwengu. Tarehe 9 Desemba 1921 Midgley aligundua kwamba kiasi kidogo sana cha mchanganyiko wa madini ya risasi kikitiwa katika petroli kinazima mgongo kabisa. Kampuni ya kuuza dawa hiyo iliundwa mwaka 1924, Kettering akiwa rais wake wa kwanza, na katika jina walilolitangaza, Ethyl, neno risasi halikutajwa. Kwamba risasi ni sumu lilijulikana tangu zama za kale. Kwamba ethanoli nayo hupunguza mgongo, Kettering na Midgley walilijua na walikwisha kulisema hadharani. Oktoba 1924, katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Bayway huko New Jersey, wafanyakazi watano walikufa wakiwa wamerukwa na akili, na makumi wengine wakalazwa. Wengine walikuwa wamekufa katika viwanda vya Dayton na Deepwater. Mauzo yakasimamishwa mwaka 1925. Katika mkutano ulioitwa na serikali mjini Washington mwezi Mei mwaka huo, Kettering alisimama kuitetea bidhaa hiyo. Alice Hamilton wa Harvard na Yandell Henderson wa Yale walisimama kuipinga, wakieleza kwamba hatari si ya wafanyakazi wa kiwandani pekee, bali ya kila mtu anayeishi kando ya barabara. Mwaka 1926 mauzo yakaruhusiwa tena.

Kwa stata, Kettering alishinda kwa kuuliza kazi itachukua muda gani. Kwa risasi alikuwa na swali hilohilo mbele yake: moshi ule ungetoka kwa muda gani, na ungekwenda kukaa wapi. Hamilton na Henderson waliliuliza chumbani mwake, yeye akisikiliza. Sioni namna ya kusema kwamba hakulielewa.

Maisha yake yaliyobaki yalijaa kazi. Maabara yake ilishiriki kupata rangi ya magari inayokauka kwa saa badala ya wiki, na injini nyepesi ya dizeli iliyoliendesha treni la Zephyr kutoka Denver hadi Chicago tarehe 26 Mei 1934. Mwanawe Eugene alifanya kazi katika injini hizo. Midgley, chini yake, alitoa pia gesi ya majokofu ambayo baadaye iligundulika kuharibu tabaka la ozoni. Mwaka 1945 yeye na Sloan walianzisha taasisi ya utafiti wa saratani yenye majina yao, na mwaka uliofuata Olive akafariki. Hati za uvumbuzi zenye jina lake zilikaribia 190. Alizikwa Dayton, katika makaburi ya Woodland.

Tarehe 30 Agosti 2021, siku moja baada ya ile ambayo ingekuwa siku yake ya kuzaliwa ya 145, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza kutoka makao yake makuu mjini Nairobi, katika nchi jirani ya Kenya, kwamba petroli yenye risasi haiuzwi tena kwa magari popote duniani. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, zikiwemo zetu, zilikuwa zimeiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Ya mwisho kabisa ilikuwa Algeria, iliyofunga pampu zake mwezi Julai 2021, miezi mitano kabla ya kutimia miaka 100 tangu jaribio la Midgley.